Hapana ya Kwanza

Kijiwe cha Gavana kiko Kasulu mjini, ubavuni mwa barabara ya kwenda Makere, chini ya baraza la bati la duka la mbolea ambalo mwenyewe alilifunga akaenda zake. Benchi la pale lilitoka kanisani. Kanisa moja la Heru Juu lilipata viti vya plastiki, likayagawa mabenchi yake ya zamani kwa yeyote anayetaka, na Epifania muuza kahawa akalifunga moja juu ya baiskeli mpaka mjini. Ndiyo maana watu wa pale hukaa wamenyooka, magoti pamoja, kana kwamba sadaka iko njiani inakuja, ingawa mbele yao hakuna altare, kuna pikipiki na matope. Tena ukilikalia benchi lile, jina lako la ubatizo unaliacha barabarani. Epifania ni Gavana, maana akisema kikombe cha mwisho, basi ni cha mwisho. Venanti wa bodaboda ni Katiba, kwa kuwa hakuna jambo chini ya jua ambalo yeye haijui sheria yake. Melkiadi, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ni Tensi. Destin, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu ambaye huja mjini kwa kibali, aliwahi kuwa mkalimani wa wazungu wa misaada, kwa hiyo ni Mdomo wa Kukodi. Na mzee Ndayisenga ni Askofu, si kwa sala, bali kwa lile koti jeusi refu la baridi alilotumiwa na binti yake kutoka Marekani, ambalo hulivaa hata jua likiwaka.

Jioni hiyo halikuwaka. Mvua ya Januari ilikuwa imeshika tangu mchana, na Askofu aliingia barazani koti likichuruzika, akakaa kwenye ncha ya benchi bila kumtania mtu. Wote walijua sababu. Mkwewe Anania alikuwa amefariki huko Marekani. Alilala mzima, asubuhi hakuamka. Wakamzika huko huko. Watu wa kwao, wakimbizi wenzao waliopelekwa Marekani pamoja kutoka kambi za Kibondo, walikuja kutoka majimbo ya mbali, wakaimba, wakalia, kisha wakarudi makazini kwao kwa sababu kazi za kule hazingoji. Akabaki binti wa Askofu, Niyonkuru, na mtoto wake mdogo, ndani ya nyumba, katika mji ambao baba yake hajawahi kuweza kulitamka jina lake.

Kilichomleta mzee kijiweni na mvua ile ni kitu kimoja. Niyonkuru angepiga simu jioni hiyo, kwake ikiwa asubuhi, na baba yake hakuwa na la kumwambia.

Akatoa simu mfukoni, akaipangusa kwenye shati, akaiweka juu ya benchi.

— Sikilizeni hii sauti, akasema. Kisha mniambie hawa watu wana maana gani.

Akabonyeza. Sauti ya Niyonkuru ikatoka, nyembamba, imechoka. "Dawe," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita baba yake tangu ajue kusema, "wamekuja tena. Leo ni mama wa nyumba ya pili. Ameleta chakula kwenye chombo cha bati, kimefunikwa vizuri. Akasimama mlangoni, akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. Akasema, 'Let me know if you need anything.' Nikasema hapana, asante. Akasema sawa, akaenda. Na yule mzee wa ng'ambo ya barabara naye alisema, 'Is there anything I can do?' Nikasema hapana, asante. Naye akaenda. Wote wanasema, Dawe. Wote wanaenda. Mimi sijui nimewakosea nini."

Ujumbe ukaishia hapo. Gavana akamimina kahawa bila kuulizwa.

— Mwalimu, maneno hayo ni nini? Askofu akamuuliza Tensi.

Tensi akavua miwani. Alikuwa mtu wa kufurahi sana anapoulizwa Kiingereza, lakini siku hiyo alijitahidi kuificha furaha yake.

— La kwanza linasema, ukihitaji kitu chochote nijulishe. La pili, je, kuna lolote ninaloweza kufanya. Ni maneno ya heshima, Askofu, tena mazuri. Tatizo ni kwamba hayakuanza na "May". Mimi nimefundisha darasa la tano pale Heru Juu mpaka nywele zimekwisha. Anayetaka kukusaidia kweli husema, "May I help you?" Huyo anaomba ruhusa, yuko tayari. Anayesema "Can I" huyo anajiuliza tu kama nguvu anazo.

— Kwa hiyo huyu mama wa chakula hakuwa na nguvu? Gavana akauliza.

— Nguvu ya chakula alikuwa nayo. Ya kuingia ndani hakuwa nayo.

— Siyo nguvu, ni sheria! Katiba akadakia. Wee Tensi usimpoteze mzee. Kule Marekani ukiingia nyumba ya mtu ukamshikia ufagio bila ruhusa, unakwenda ndani. Jela kabisa! Hayo maneno ni kama hodi ya kisheria. Mtu anatamka, mwenye nyumba anajibu, ndipo anavuka kizingiti. Niyonkuru alijibu vibaya, wakaondoka kwa kuogopa kesi.

— Nani kakuambia? Tensi akauliza.

— Kuna jamaa yangu yuko kule.

— Jamaa yako yuko Dodoma, Katiba.

— Alipita kule.

Askofu hakucheka. Alikuwa akiitazama simu. Moyoni alimwona binti yake amesimama mlangoni na chombo cha bati mikononi, mtu amekwisha kugeuka, na baridi inaingia. Alimlea yule mtoto bila mama, huko huko kambini na mashambani, na alimzoea akiwa kati ya watu wengi mno, hata mahali pa kulia peke yake hakuwa napo. Sasa anapo, nyumba nzima, na hilo ndilo lililomuuma.

— Na wewe Mdomo wa Kukodi, akasema Gavana, umefanya kazi na wazungu. Mbona umekaa kimya?

Destin alikuwa akikizungusha kikombe kitupu kiganjani.

— Bo, mi naijua hiyo maneno sana, papa, alimwambia Askofu. Pale kambini nilikuwa nakaa kwenye dirisha. Mzungu iko ndani, batu beko inje kwenye jua. Kila mutu akifika, mzungu anasema, "How can I help you?" Mi natafsiri: una shida gani? Kwake ilikuwa salamu tu, ni kama bonjour. Anangoja aseme, nataka blanketi, nataka sabuni. Mais, lakini batu betu! Ukiuliza mutu una shida gani, yeye anakwambia. Anaanza na vita. Anaanza na mutoto alibaki kwenye njia. Mama mumoja wa Fizi alisimama pale akalia, akasema yote, na mzungu ananiuliza, Destin, anasema anataka nini? Mi nikasema, anataka blanketi.

Mvua iliongeza kasi, na chini ya baraza akaingia mama mmoja mgeni, gunia la dagaa kichwani limefunikwa nailoni. Akawasalimu, "Mwiriwe," wakaitikia wote. Gavana akamsogezea kigoda. Alisema anaitwa Esteri, anakwenda Kitanga, anangoja tu mvua ipungue. Akaketi pembeni na gunia lake.

Katiba hakupenda mazungumzo yaishie kwenye blanketi. Akavuta pumzi.

— Halafu kuna jambo hamlijui. Milango ya kule ina kamera. Kila mtu akisema hilo neno la msaada, linaingia serikalini, linahesabiwa. Mwisho wa mwaka anapunguziwa kodi. Ndiyo maana wanasema halafu wanaondoka haraka, wana milango mingine ya kupita.

— Si kamera, ni joto, akasema Tensi, akiwa amesahau kabisa habari ya "May". Nyumba za kule zina joto la kununua. Ukiufungua mlango joto linatoka. Kwa hiyo Mwingereza na Mmarekani walitunga maneno mafupi ya kusemea mlangoni. Sisi lugha zetu ni ndefu kwa sababu milango yetu inabaki wazi. Angalieni wenyewe! Mpaka umalize kuulizia mbuzi wa mtu, kule joto lote lingekuwa limefika Kigoma.

— Na chakula cha kwenye bati je? Katiba akauliza.

— Chakula ni risiti. Ushahidi kwamba alifika.

— Nyamazeni! akasema Gavana.

Aliliweka birika juu ya jiko, akamgeukia Askofu, na sauti yake ikawa ya chini.

— Niyonkuru alisema hapana mara ngapi?

— Mara moja kwa kila mtu, akajibu Askofu. Kama ulivyosikia.

— Na kwa hapana moja wakaondoka?

— Wakaondoka.

Gavana akapiga kiganja pajani.

— Yoo! Mtoto wa watu alikuwa anaonyesha adabu tu!

Hapo Askofu naye akaelewa, na alihisi aibu kwamba amekaa siku zote hizo na sauti ile mfukoni bila kuelewa. Kwani nani katika milima hii, mwenye msiba au mwenye njaa, amewahi kusema ndiyo mara ya kwanza? Ukimkaribisha mgeni chakula anasema ameshiba, na wewe unaendelea kumnawisha mikono. Ukimwambia mfiwa nikuchotee maji anasema "Oya, murakoze," hapana, asante, usijisumbue, na wakati anasema hivyo wewe umeshachukua ndoo na uko njiani. Hapana ya kwanza ni ya adabu. Ya pili ni ya kujaribu kama unampenda. Ya tatu hakuna anayeisikia, maana wakati huo moto umeshawaka. Niyonkuru alitoa hapana ya kwanza, kama alivyofunzwa, na kila mara akabaki mlangoni akingoja mtu aipite.

— Alipokufa mume wangu, akasema Gavana, jirani yangu alikuja na mkeka kwapani. Nikamwambia rudi kwako, una mtoto mchanga. Nikamwambia tena. Nilimfukuza kabisa, kwa maneno makali! Akatandika mkeka wake karibu na mlango, akalala. Hakusema neno mpaka asubuhi. Angenisikiliza siku ile, mimi nisingekuwa mzima.

— Kule ni tofauti, mama, Destin akasema taratibu. Kule mutu akisema hapana, ni hapana. Kumupita ni kumuvunjia heshima. Bale batu habakumutupa Niyonkuru. Banamuheshimu.

— Heshima gani hiyo inayomwacha mtu peke yake?

— Ni yabo, mama. Beko nayo ile tu.

Askofu alilipokea hilo, likampunguzia kitu kifuani. Basi si watu wabaya. Yule mama wa nyumba ya pili alikuwa na machozi ya kweli. Pengine naye amekaa kwake sasa hivi akijiuliza amemkosea nini huyu mjane wa Kiafrika asiyetaka msaada wa mtu.

— Kumbe dawa ni ndogo! Katiba akasema, amefurahi. Amwambie tu aseme ndiyo. Tensi, mfundishe mzee.

— "Yes, please," akasema Tensi, amenyooka kama yuko mbele ya ubao. "Yes, please. Come in." Ndiyo tafadhali, karibu ndani. Sema, Askofu.

— Yesi.

— "Please."

— Pulizi.

— Hiyo ya pili asiiache, papa, Destin akasema. Bila hiyo banaona kama unabatuma.

— Yesi pulizi kamu ini, akasema Askofu.

— Umeshakuwa Mmarekani! Katiba akapiga makofi.

Akarudia tena, na tena, mdomo wake mkubwa ukihangaika na maneno madogo, na kila mtu benchini akamsaidia, hata Gavana ambaye Kiingereza chake chote ni bei. Kwa mara ya kwanza tangu habari ya Anania ifike, Askofu alitabasamu. Alijiona anayo zawadi ya kumpa mtoto wake. Simu ikiita atamwambia, mwanangu, wakija tena usikatae, sema hivi, na watu wataingia, na nyumba itajaa.

Ndipo yule mama wa dagaa, ambaye walikuwa wamemsahau, akauliza.

— Samahani, baba zangu. Akishasema ndiyo, atawaomba wamfanyie nini?

— Wamsaidie! akasema Katiba.

— Wamsaidie nini?

Katiba akafungua mdomo.

— Maji, akasema.

— Kule maji yapo bombani ndani ya nyumba, akasema Tensi.

— Kuni basi.

— Hawapiki kwa kuni.

— Kulima?

Shamba hana. Chakula walikwisha kumletea. Mtoto ananyonya. Theluji, alisema Destin, inazolewa na gari la serikali. Walitafuta kila mmoja upande wake, na Askofu alitafuta kuliko wote. Alijua binti yake anataka nini. Anataka mtu aingie bila kuitwa, avue viatu, akae sakafuni na mgongo ukutani, asiseme kitu. Anataka usiku akishtuka asikie mtu mwingine anapumua. Msiba ni hilo tu, hayo maji na kuni ni visingizio vya kukaa. Lakini utaliombaje jambo hilo? Hata kwa lugha ya kwao hakuna mtu aliyewahi kuliomba. Linakuja lenyewe au haliji.

— Mwalimu, akasema Askofu. Kwa Kiingereza husemwaje, njoo ukae kwangu, usifanye kitu, usiseme kitu, na usiondoke?

Tensi akaivaa miwani, akaivua.

— Maneno yapo, akasema mwisho. Lakini sijui nani anaweza kuyasema.

Destin alitikisa kichwa. Katiba aliangalia pikipiki yake. Esteri akainamisha uso, kama anayejuta kuuliza.

Simu ikaita pale pale juu ya benchi.

Askofu aliishika kwa mikono miwili. Gavana akamwonyesha kwa kidole aweke sauti kubwa, akaweka.

— Dawe.

— Mwanangu. Umeamkaje?

— Nipo sawa. Mbona kuna kelele?

— Ni mvua. Niko kijiweni.

— Basi nisikucheleweshe, una watu wako hapo. Mimi nipo sawa, Dawe. Nilitaka tu kukusikia. Nakata, nisikumalizie muda wako.

Lile "yesi pulizi" lilikuwa tayari ulimini, na Askofu akalimeza. Aliijua sauti hiyo. Ndiyo sauti iliyosema hapana, asante, mlangoni.

— Usikate, akasema. Iweke simu chini, karibu na wewe. Sakafuni.

— Ya nini?

— Iweke tu.

— Dawe, usijisumbue. Nendeni mkafanye kazi zenu.

Hiyo ilikuwa hapana ya kwanza. Gavana alikuwa ameshainuka. Alitoa mkeka nyuma ya jiko, ule anaokalia wateja wakipungua, akautandika juu ya saruji chini ya baraza, katikati ya vikombe. Akaichukua simu mkononi mwa Askofu, akailaza juu ya mkeka, akavua kandambili zake, akakaa.

— Niyonkuru, akasema. Ni Epifania muuza kahawa. Nimefika.

Katiba akavua kofia yake ya pikipiki. Akashuka benchini, akakaa mkekani na matope yake yote.

— Ni Venanti. Nimefika, dada.

— Melkiadi, mwalimu. Nimefika, mwanangu.

— Niko Destin wa Nyarugusu. Hatujuani. Nimefika.

Yule mama wa Kitanga aliitazama mvua, ambayo ilikuwa imeanza kupungua, na njia yake iko wazi. Akalisogeza gunia ukutani.

— Mimi ni mpita njia tu, naitwa Esteri. Nimefika.

Askofu akashuka mwisho kwa sababu ya magoti. Alivua koti jeusi, akalikunja, akaliweka pembeni ya simu.

— Baba yako nimefika.

— Dawe, hapana, sauti ikasema, na sasa ilikuwa ikitetemeka. Jamani hapana. Hapo kuna baridi, mnanyeshewa. Nendeni nyumbani.

Ya pili. Wakasikia kitu kikiburutwa huko mbali, kisha mtu akijishusha sakafuni taratibu. Wakasikia mtoto akikoroma kidogo. Baadaye Niyonkuru akaanza kulia, si kile kilio cha kujizuia cha siku zote kwenye simu, bali kile cha kwao, kinachoanzia chini tumboni, na Gavana akakipokea kwa sauti ya chini, na Esteri naye akakipokea. Askofu alifumba macho, machozi yakashuka, hakuyafuta.

Simu ya Katiba ilitetemeka mfukoni, mteja anamtafuta. Akaizima. Kiza kilianza kushuka juu ya barabara ya Makere. Gavana akainua birika, akamgawia kila mtu kidogo, na lilipofika kwa Askofu likatoa matone tu. Akaligeuza juu chini mbele yao wote, kama afanyavyo kila siku kuwafukuza watu.

— Kahawa imekwisha, akasema.

— Mmesikia? Niyonkuru akasema kutoka mkekani, pua imeziba. Kahawa imekwisha. Nendeni mkalale sasa. Nimeshukuru. Mimi nipo sawa.

— Haya, mwanangu, akasema Askofu.

Hakuna aliyeinuka.